Kompyuta ya Nesi

Mara ya kwanza nilipomwona nilidhani amebeba mtoto. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka langu, nyuma ya soko la Karatu, akiwa amejifunga kanga mbili, na mgongoni alikuwa na kitu kizito kilichofunikwa hadi juu. Nikamsogezea stuli. Akakaa kwa tahadhari, akafungua fundo la kifuani, akakizungusha kile kitu hadi mapajani kama anayetaka kunyonyesha, kisha akakifunua. Lilikuwa boksi la kompyuta ya mezani. Zamani lilikuwa jeupe, sasa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Dereva alitaka kuifunga nyuma kwa mpira," aliniambia hata kabla sijamwamkia. "Nikamwambia, na wewe tukufunge nyuma kwa mpira kutoka Oldeani, tuone kama utafika Karatu na akili zako."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Wateja wengi wakisikia hivyo walikuwa wanatazama nyuma yangu, labda kuna kaka amejificha kwenye makasha. Yeye alinitazama mikono. "Basi nenda kanawe," akasema, "uje umpime."

Ndivyo nilivyomjua Nesi. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, lakini sikuwahi kulitumia, wala sikumsikia mtu mwingine akilitumia. Alikuwa ameshastaafu, na kila mtu aliendelea kumwita Nesi, kwenye maduka, kanisani na kwenye mikutano ya kijiji. Wamaasai waliotoka upande wa Endulen walimwita Yeyo, yaani mama. Mimi nilimwita mama, yeye akaniita fundi, na kwa miaka kadhaa tulikuwa na mgonjwa mmoja kati yetu.

Kwa nini mwanamke wa umri ule abebe kompyuta mgongoni kwenye barabara ya Oldeani, ambayo hata magari ya shamba huilalamikia? Jibu lilikuwa ndani ya boksi. Nesi alifanya kazi miaka mingi kwenye zahanati ya shamba moja la kahawa, akiwazalisha wake za vibarua, wake za wakulima wa vijijini, na wanawake wa Kimaasai walioletwa na waume zao kwa punda au kwa gari la kuomba. Shamba likabadili wamiliki, zahanati ikafungwa, na rejista za serikali zikaachwa kwenye kabati. Siku kabati lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wameshamaliza kusoma.

Lakini Nesi alikuwa na tabia yake. Kila alipozalisha, kabla hajaenda kulala, aliandika kwenye daftari lake mwenyewe la shule: jina la mama, jina la baba, mtoto wa kike au wa kiume, siku, mwezi, mwaka, saa. Chini yake aliweka mstari mmoja aliouita maelezo. Nimeisoma baadhi ya mistari hiyo kwa ruhusa yake. "Mvua kubwa, taa ya chemli imezimika mara mbili." "Mama jasiri, hakulia, amenitukana tu." "Baba amezimia. Amepewa maji. Anaendelea vizuri."

Daktari mmoja mgeni aliyekuja kujitolea pale alipokuwa anarudi kwao alimwachia kompyuta yake, na ndani alimtengenezea programu ndogo yenye visanduku: jina huku, tarehe huku, maelezo chini. Nesi akayaingiza madaftari yote kwa vidole viwili. Ilimchukua miaka miwili, kwa sababu umeme wa Oldeani ulikuwa na ratiba yake, naye alikuwa na migomba na kuku.

Watu waliozaliwa hospitali kubwa hawawezi kujua thamani ya mstari kama ule. Kuna mtu mzima anayejua tu kwamba alizaliwa mwaka ambao ng'ombe walikufa sana, au wakati maharage yanavunwa. Siku anatakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa au hati ya kusafiria, anaulizwa tarehe, anabaki anatazama dari. Mtu huyo alipanda kwenda kwa Nesi. Nesi aliwasha mashine, akatafuta, akamwandikia barua, na mtendaji wa kijiji aliipokea kama ushahidi wa kuanzia.

Ila hakuandika kila alichoombwa. Siku moja nikiwa kwake nikibadilisha waya wa monita, alikuja kijana mcheza mpira pamoja na mjomba wake. Kuna timu ilikuwa inamtaka, lakini inamtaka akiwa mdogo zaidi ya alivyokuwa. Mjomba alizunguka maneno kwa muda mrefu, akasifia kuku, akasifia migomba, mwishoni akauliza kama haiwezekani kumpunguzia kijana miaka mitatu tu. Nesi hakugomba. Alifungua ule mstari, akavaa miwani, akausoma kwa sauti.

"Umezaliwa saa kumi alfajiri. Kilo tatu na nusu. Maelezo: mtoto amemkojolea nesi." Akavua miwani. "Sasa mjomba, unataka niseme siku hiyo huyu alikuwa hajaja duniani bado. Haya. Nani alinikojolea?"

Kijana mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Walikunywa chai wakaondoka, na nasikia timu ilimchukua hivyo hivyo.

Nilisema tulikuwa na mgonjwa mmoja kati yetu, na hilo silisemi kwa mzaha. Nesi alizungumza juu ya kompyuta kama alivyozungumza juu ya watu waliolazwa. Ukimuuliza, "Imeharibika?" alikasirika. "Usianze na jibu, fundi. Niulize dalili." Basi nilijifunza kuuliza.

"Ina dalili gani, mama?"

"Inachelewa kuamka. Jana nimeiwasha, nikaenda kuinjika maharage, yameiva ndiyo ikanionyesha picha."

"Maharage mabichi au makavu?"

"Makavu."

Hapo nilijua hali ni mbaya. Alinifundisha pia kutoogopa kelele. Feni ilipokuwa inakoroma, mimi nikikunja uso, alisema mgonjwa anayelalamika bado ana nguvu, tatizo ni akinyamaza. Na kweli, feni ilikuwa imejaa tu lile vumbi letu jekundu. Nilipolipulizia nje ya duka, wauza vitunguu wa jirani walihama kwa dakika kumi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hakuwahi kunieleza kwa sababu hakujua kuwa ni ugonjwa. Kila alipoiwasha, kompyuta yake iliamini kuwa ni Januari mosi ya mwaka mmoja wa zamani sana. Yeye alidhani ndivyo kompyuta zilivyo. Kila asubuhi alitazama kalenda ya kanisa ukutani, akairekebishia tarehe, ndipo akaanza kazi. Siku nilipoliona hilo, nikafungua boksi, nikachomoa kibetri kidogo cha duara kinachotunza saa, nikaweka kipya. Hata dakika mbili hazikuisha. Nesi alikishika kile cha zamani kiganjani, akakigeuza. Halafu akacheka hadi akajifuta macho kwa kanga.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne kila asubuhi naikumbusha leo ni tarehe ngapi, kumbe ilikuwa na njaa tu!"

Alikuwa mtu wa mambo yasiyokubaliana. Aliwasema bila huruma watu wanaoamini kijicho na jicho baya. Lakini ole wako uisifie kompyuta mbele yake. "Usiisifie! Ukiisifia itagoma." Aliishi katikati ya kahawa maisha yake yote ya kazi na hakuwahi kuinywa. Alisema anaijua harufu yake inapochanua na hiyo inamtosha, mimi niendelee kumwekea tangawizi. Habari za mtaani alizipenda kupita kiasi: nani kagombana na nani kwenye kikundi, nani kanunua pikipiki bila kujua kuendesha. Lakini yaliyokuwa kwenye visanduku vyake hayakutoka. Monita ya kwake nyumbani aliiweka ikitazama ukuta, na mwenye kutaka tarehe alikaa upande wa pili wa meza. Kulikuwa na kisanduku cha jina la baba, na nadhani baadhi ya majina yale yangeweza kuamsha kijiji kizima. Nilimdokezea siku moja. Akanichoma kwa macho kama sindano. "Mimi nilipokea watoto," akasema, "sikupokea kesi."

Na jambo kubwa kuliko yote: mtu huyu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwagombeza watu kwa kuchelewa, kuchelewa kliniki, kuchelewa chanjo, kuchelewa kuita gari, alichelewa miaka na miaka kuamua juu ya kompyuta yake.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwa niaba yake. Nilimwambia waziwazi: mama, nunua nyingine. Nikamhesabia sababu. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile tunayoiita RAM, ilikuwa ndogo, na ya aina yake ilikuwa haipatikani Karatu, labda uichomoe kwenye mashine iliyokufa Arusha. Diski ilikuwa kuukuu. Mfumo wake haukuwa unatengenezewa tena dawa za virusi. Kumwekea kipande kipya leo na kingine kesho ni kama kumshonea mtu viraka hadi suruali ya kwanza isionekane.

"Na suruali yenye viraka haivaliki?" akauliza.

"Inavalika, lakini..."

"Nikiongeza hiyo RAM, itaishi muda gani?"

"Sijui, mama."

"Vizuri. Umesema kweli. Nikichukua mpya, italifungua daftari langu?"

"Ile programu ya daktari haitakubali kwenye mashine za sasa. Itabidi tuyahamishe majina yote."

"Umeshawahi kuhamisha daftari kama hili?"

Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimehamisha picha za harusi, nyimbo, barua za ofisi. Nilisema ndiyo kwa sababu nilichoka kuulizwa kama mwanafunzi, na kwa sababu nilitaka nionekane fundi. Yeye akaniamini papo hapo, na tangu siku hiyo kila mtu alipoisema ile mashine, Nesi alijibu kwamba fundi wake anajua kuhamisha.

Habari zikawafikia madereva. Hapa kwetu nusu ya vijana wanaopeleka watalii kreta kuona wanyama ni wale wale waliozaliwa mikononi mwake. Walichanga, wakamnunulia laptop mpya, nyembamba kama sinia, wakampelekea Oldeani Jumapili moja kwa magari manne, honi zinalia kama harusi. Nesi alicheza. Nimemwona kwa macho yangu, alicheza na boksi la laptop kichwani. Aliwabariki mmoja mmoja, akawakumbusha wawili kwamba walizaliwa wametanguliza miguu na ndiyo sababu hawasikii. Madereva walipoondoka, aliifunika laptop kwa kitambaa cha kufuma chenye maua, akaiweka juu ya kabati la vyombo, na ikakaa huko miezi mitatu. Kila nilipouliza, aliniambia anaizoea.

Nilipopanda hatimaye kwenda kuyahamisha majina, nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Niliyatoa kwenye programu ya daktari, nikayaingiza kwenye jedwali la laptop, nikatazama mistari ishirini ya mwanzo na kuilinganisha. Ilikuwa sawasawa. Nikala ugali wake na mboga za maboga, nikarudi Karatu nikiimba.

Wiki iliyofuata Nesi aliteremka dukani na laptop kwenye mkoba. Alikuwa ameahidiana na mzee mmoja wa Kimaasai kutoka Endulen, na kijana wake aliyepata nafasi kwenye chuo cha waongoza watalii. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa ile. Kijana alikuwa ameshawaeleza wenzake wote kwamba anaenda. Nikafungua laptop, nikaupata mstari, nikachapa barua kwa fahari, nikampa Nesi asaini. Alivaa miwani. Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

"Tarehe nne mwezi wa tisa?" akasema. "Hapana."

"Ndivyo ilivyo humu, mama."

Akamgeukia yule mzee. "Baba, ulimleta mama yake na nini siku ile?"

"Punda, Yeyo. Landrova ilitubeba mpaka njiani, ikashindwa."

"Ikashindwa kwa sababu gani?"

"Tope. Tope mpaka hapa." Mzee akaonyesha goti.

Nesi akanigeukia. Hakuinua sauti. "Fundi. Tope la mwezi wa tisa umewahi kuliona wapi?"

Mwezi wa tisa kwetu ni vumbi tupu. Hata mtoto anajua. Nikaitazama ile tarehe tena, kisha nikafungua mipangilio ya laptop. Daktari alipanga tarehe kama sisi: siku kwanza, mwezi baadaye. Laptop ilikuja kutoka dukani ikiwa imepangwa kama watu wa nchi nyingine, mwezi kwanza, siku baadaye. Tarehe tisa mwezi wa nne, katikati ya masika, ilikuwa imegeuzwa kuwa tarehe nne mwezi wa tisa. Zile za siku zilizozidi kumi na mbili hazikugeuka, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, na mistari yangu ishirini ya kujaribia, kwa bahati mbaya, yote ilikuwa ya aina hiyo. Nyingine karibu zote, na zilikuwa nyingi, zilikuwa zimepinduka.

Nilimweleza. Kisha, sijui nini kilinisukuma, nikamwambia na lile jingine. "Mama, nilikudanganya. Sikuwa nimewahi kuhamisha daftari kama hili."

Yule mzee alitazama nje kwa adabu. Nesi alivua miwani, akaipangusa taratibu, akaivaa tena.

"Nilizalisha mara ya kwanza nikiwa nimemwambia mkubwa wangu kwamba nimeshawahi," akasema. "Mtoto alikuwa mzima. Lakini jasho lile silisahau. Je, mashine ya zamani umeifuta?"

"Hapana. Iko kwako, inafanya kazi."

"Basi hakuna aliyekufa. Nimewafundisha wasichana wangu wote: kitovu hakikatwi kabla mtoto hajalia. Huyu wako wa laptop hajalia bado." Akachukua karatasi, akaandika barua nyingine kwa mkono wake, tarehe tisa mwezi wa nne, akasaini. Mtendaji akaipokea siku hiyo hiyo, na kijana akawahi Ijumaa yake.

Hivyo ndivyo uamuzi ulivyofanyika, baada ya miaka yote ile. Haukuwa wa kutengeneza wala wa kubadilisha. Nesi aliamua kwamba ya zamani itibiwe, iishi, mpaka kila mstari uliomo uthibitishwe kwenye mpya, na siku hiyo ndipo tutaipumzisha. Mimi nilipanga kuagiza diski mpya isiyozunguka, na RAM kutoka kwa rafiki yangu wa Arusha. Nikamwambia asiiwashe mpaka nije.

Jumamosi nilipofika nikiwa na vyote viwili nikaiwasha, ikagonga. Tik. Tik. Tik. Fundi yeyote anaijua sauti ile: diski inakata roho. Madaftari ya karatasi yalikuwepo, ndiyo, lakini mengine yalikuwa yamelowa siku bati lilipovuja, na kurasa zake zilikuwa zimeshikana kama chapati. Kilichosalia cha kurasa zile kilikuwa ndani ya diski ile inayogonga, na kwenye nakala yangu iliyopinduka. Hiyo iliyopinduka ningeweza kuigeuza, nilijua. Lakini safari hii sikutaka kumwambia mtu kwamba najua.

Nikaunganisha diski mpya, nikaanza kunakili kila kilichomo, kidogo kidogo. Ikisoma kipande, inasimama. Inagonga. Inasoma tena. Nilikuwa nataka kuigusa, kuizima, kuiwasha upya, kufanya chochote.

"Keti," Nesi akasema. "Hatusukumi kabla ya wakati."

Akaniletea ungo wa njugu mawe tumenye. Tulikaa pale, yeye na mimi, ukungu wa Oldeani ukipanda na kushuka dirishani, tunamenya. Alinihadithia juu ya mwanamke aliyekaa siku mbili na uchungu, na nesi mwenzake aliyetaka kumharakisha, na jinsi mtoto alivyokuja mwenyewe wakati wote wawili wamesinzia. Kila sauti ilipokatika niliinua kichwa, yeye hakuinua. Mchana umeme ulipepesa mara moja, roho yangu ikatoka ikarudi. Jioni kabla jua halijazama, mstari wa kwenye kioo unaoonyesha kazi imefika wapi ukafika mwisho. Nikazima, nikaitoa ile diski kuukuu, nikaweka mpya na ile RAM, nikawasha.

Iliamka kabla Nesi hajamaliza kusimama. Akakaa tena. Akafungua programu ya daktari, akashuka hadi mstari wa mwisho, akarudi hadi wa kwanza. Yote yalikuwepo.

Nikasahau sharti. "Mama, imekuwa nzuri kweli..."

"Nyamaza!" akapiga kelele, akaifunika kwa kanga.

Uhakiki ulichukua miezi miwili. Niliyahamisha majina upya, safari hii siku mbele na mwezi nyuma, na kila Jumapili baada ya ibada nilipanda Oldeani. Ya zamani upande wa kushoto, laptop kulia, madaftari katikati. Nesi anasoma, mimi natazama, naitikia. Kwa ile mistari ya maelezo, nilijifunza kucheka na watu ambao sijawahi kuwaona. Mwisho wa yote tulipata kosa moja tu, na halikuwa langu. Miaka ile ya vidole viwili, Nesi alikuwa amemwandika binti mmoja kuwa wa kiume. Alilisahihisha papo hapo. Binti mwenyewe sasa ana duka la nguo pale Karatu, na ana watoto watatu.

"Haya fundi," akasema mwishowe. "Tumetoka sare. Wewe la kwako, mimi la kwangu."

Ya zamani hakuipumzisha kama alivyosema. Ilibaki mezani kwake, inaandika barua za majirani na matangazo ya kikundi cha kuku. Tarehe za watu zikakaa kwenye laptop. Nilimkumbusha ahadi yake, akanijibu kwamba yeye mwenyewe amestaafu na bado anazalisha ikibidi.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu ilikuwa mwaka huu, siku ya mnada. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na binti yake alikuwa amemshawishi ahamie kwake Mbulu baada ya mavuno. Alikuja na laptop, akitaka jambo moja. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kuweka nakala yake mahali fulani mbali, mchwa wasifike, bati lisivuje. Nikamwambia ndiyo, inawezekana, na safari hii nimeshafanya mara nyingi. Tukafungua akaunti. Jina. Neno la siri, alilolichapa mwenyewe huku akinisukuma nitazame ukutani. Kisha kioo kikauliza tarehe ya kuzaliwa.

Nikangoja.

"Mama, tarehe yako."

"Sina."

Nikadhani anatania.

"Mama yangu alinizaa shambani akivuna mtama," akasema. "Hakuna aliyeandika. Kazini nilipewa mwaka, na kitambulisho wakaweka Julai mosi kama walivyowawekea wengi. Hiyo ni ya serikali. Siyo yangu."

Nikamuuliza kama tuweke hiyo ya serikali. Akatikisa kichwa. Akatazama nje, sokoni, watu wanapita na mbuzi na ndoo na magodoro, jua limeshatoboa ukungu.

"Weka leo."

Nikaweka siku ya leo na mwezi huu, lakini kabla sijabadili mwaka, uliokuwa bado huu wa sasa, kidole kikateleza, nikabonyeza kuendelea. Kompyuta ikakataa. Ilisema mwenye akaunti bado ni mdogo mno, na anahitaji ruhusa ya mzazi.

Nilimsomea. Nesi alicheka hadi stuli ikasogea. Wauza vitunguu wakaja mlangoni kuuliza kuna nini. Alipopata pumzi akanishika mkono.

"Basi nipe wewe hiyo ruhusa," akasema. "Na mwaka chagua wenye mvua nzuri."

Nikachagua. Akaunti ikafunguka, majina yakaanza kupanda moja baada ya jingine. Yeye hakungoja yamalizike, akaniachia laptop. Alijifunga kanga, akasema hawezi kukaa ndani siku kama hii, akatoka kuelekea stendi. Nilimsindikiza kwa macho. Alisimama kwenye kila meza ya mama mboga, akawatangazia kwamba leo ni sikukuu yake ya kuzaliwa. Kufikia kona alikuwa na parachichi mbili, fungu la sukuma wiki na jogoo mwekundu kwapani, na akina mama watano nyuma yake wakimpigia vigelegele.